Milango Mitatu Inatosha

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata gari! Yaani, karibu nimepata.

Mama mkwe ameniita kwake mchana. Anastaafu ualimu, na Jumamosi ya wiki ijayo shule yake inamfanyia sherehe. Anataka kufika akiwa ndani ya gari la marehemu mzee, lile dogo la kijivu lililokaa uani likiliwa na kutu tangu mzee atutoke. Injini imeshapona, iko kwenye benchi la fundi injini. Shida ni bodi. Imevuliwa kila kitu na kuwekwa juu ya stendi nne kwa Fundi Cheche, mchomeleaji. Haina viti wala vioo. Ukiitazama unaweza kuipa pole.

Kazi ya kuisimamia nimepewa mimi. Mimi, si mwanyumba!

Masharti yake ni haya: sakafu izibwe, rangi iwe kijivu ileile, kiti cha nyuma kirudi mahali pake. Kiti hicho anakipenda sana. Miaka yote mzee alipokuwa akimpeleka kazini, yeye alikaa nyuma, madaftari ya wanafunzi yametandazwa kushoto na kulia, akisahihisha. Kiti cha mbele kilikuwa cha kofia ya mzee. Mama mkwe amesema gari likirudi kama lilivyokuwa, baada ya sherehe ni letu. Akanitazama juu ya miwani, akarudia: kama lilivyokuwa.

Mke wangu amefurahi mno. Kila siku anakwenda zahanati kwa baiskeli, kisanduku chake cha kazi kimefungwa nyuma, na mvua ikinyesha inamkuta njiani. Akaniomba kitu kimoja tu. Nisibuni.

Nibuni nini mimi?

Jumanne, 3 Juni

Nimebuni.

Nilikuwa stoo, kazini, kwenye kiwanda cha magodoro, nasubiri mtu aje kuchukua sponji. Mara mwanyumba akapita barabarani na gari lake. Huyu ni mume wa shemeji yangu, dada wa mke wangu. Gari lake na la mzee ni kampuni moja, umbo moja, mwaka mmoja. Ila la mzee ni toleo la chini kabisa, halikuja hata na redio. Lake ni toleo la michezo. Jekundu, rimu pana, spoila nyuma iliyosimama kama bawa, ekzosi yenye sauti ya kiume. Analiita Mnyama. Akija kwetu hupita mbele ya dirisha mara mbili ndipo aegeshe.

Nikajiuliza: tofauti ni nini hasa? Bodi ni ileile! Na bodi sasa hivi iko tupu, juu ya stendi, inasubiri kuambiwa iwe nini.

Nimechora nyuma ya fomu ya kutolea magodoro. Mchoro umetoka vizuri hadi nikaufunika na mkono bosi alipoingia.

Jioni nikampelekea Fundi Cheche. Ni mtu wa maneno machache, anavaa miwani myeusi hata akinywa chai. Akauliza kama mwenye gari anajua. Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Baada ya sherehe, lakini hilo sikuona haja ya kulisema.

Jumatano, 4 Juni

Suala la milango.

Mnyama ana milango mitatu: miwili mbele, na ule wa buti. Gari la mzee lina mitano. Hapo hakuna mjadala. Miwili ya nyuma ichomelewe, ipigwe puti, ipigwe msasa, isionekane.

Fundi Cheche alizima mashine. Akavua miwani. Mara yangu ya kwanza kuona macho yake, ni mapole sana. Akauliza watu wa nyuma watapitia wapi. Nikamjibu watapitia mbele, kama kwenye gari lolote la maana. Akasema kwenye yale ya maana mlango wa mbele ni mrefu, na kiti kinalala. Huu wetu ni mfupi. Nikamwambia achome tu, mwenye gari ameamua.

Amechoma. Cheche ziliruka hadi barabarani. Nikasimama na kifua mbele, watu wananitazama. Kumbe suruali yangu ilikuwa inaungua.

Ijumaa, 6 Juni

Sakafu imezibwa. Sharti la kwanza tayari! Mke wangu anadhani natia chumvi ninaposema kazi inakwenda kasi.

Leo nimekipima kiti cha nyuma kwenye mizani ya kiwandani. Kizito ajabu. Gari la michezo halibebi sofa. Fundi Cheche amekiweka chini ya dirisha, wateja wake wakikalie wanaposubiri. Mahali kilipokuwa amechomelea bomba la chuma, ubavu hadi ubavu, ili bodi isijipinde kwenye kona. Nimeliona kwenye picha za magari ya mashindano. Limenipa raha isiyo na kifani.

Mke wangu akauliza habari za kiti. Nikamjibu kiko mahali salama. Na ni kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Mwanyumba amekuja gereji! Nikawahi kuifunika bodi na turubai. Akaliegemea turubai lenyewe, akaanza kunishauri. Alisema kazi ya bodi inataka subira. Alisema angekuwa yeye, angebadilisha kidogo sana. Watu wenye magari ya michezo ni wepesi kuwashauri wenzao wasiwe nayo.

Kisha akafungua buti la Mnyama kunionyesha kisanduku chake cha spana. Kila spana na shimo lake, kuanzia nane hadi thelathini na mbili, zote zinang'aa. Akasema niazime. Nikamwambia sihitaji spana za mtu. Alipoondoka Fundi Cheche akasema tulikuwa tunazihitaji.

Jumatatu, 9 Juni

Springi zimekatwa, zote nne. Gari limekaa chini kama linataka kuruka.

Rangi pia imepigwa. Kijivu ileile, sharti la pili. Hakuna aliyekataza mistari, kwa hiyo juu ya kijivu nimeweka mistari miwili myekundu, kutoka boneti hadi buti. Mmoja umepinda kidogo. Fundi Cheche anasema gari likienda kasi hautaonekana.

Jumatano, 11 Juni

Spoila! Nimeitengeneza kwa ubao wa kichwani mwa kitanda. Sura yake nzuri, ina hata maua ya kuchonga.

Dosari ndogo. Ukifungua mlango wa buti, spoila inagota kwenye paa. Mlango unafunguka kiasi cha kupitisha sahani, halafu basi. Haidhuru. Nani atafungua buti siku ya sherehe?

Alhamisi, 12 Juni

Jasho jembamba.

Asubuhi nilifunga viti viwili vya mbele. Nimevichonga mwenyewe kwa sponji ngumu ya sampuli, vinakukumbatia mbavu. Vimefungwa sakafuni kwa bolti za spana namba kumi na tatu. Havilali mbele, havirudi nyuma. Nilikaa ndani dakika ishirini nikiigiza kona kwa mdomo.

Mchana mke wangu akapiga simu kunikumbusha niusugue ule mkono wa mlango wa nyuma, upande wa kushoto, maana mama yake hupenda kuingilia pale. Nikasema sawa. Simu ilipokatika nikabaki nimeishika sikioni.

Nikatoka mbio kukichukua kiti. Nilikuta mteja mnene amelala juu yake, anakoroma. Tulipomwamsha akasema hajawahi kukaa kwenye kiti kizuri namna hii. Tukakipeleka kwenye gari. Hakiingii, bomba linazuia. Nikamwomba Fundi Cheche alikate bomba. Akasema akilikata leo, rangi ya mbavu zote mbili itaungua, na rangi nyingine haitakauka kabla ya Jumamosi. Hakuniambia kwamba aliniambia. Ningependa angesema.

Nilikaa juu ya kile kiti nikifikiri. Kweli ni kizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Akili yangu hainiangushi! Mimi ni karani wa stoo ya wapi? Ya magodoro! Nimechukua godoro jipya la inchi sita, bado liko kwenye nailoni. Nimelitandaza nyuma, limekaa sawasawa. Mama mkwe atakaa kama malkia. Ataingilia mbele, kiti cha abiria kikifunguliwa kwanza, kisha kifungwe tena. Kofia ya mzee nayo nitaipakata.

Injini imerudi. Ekzosi imewekewa bomba pana. Nilipowasha, mwenye duka wa jirani alifunga duka.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika yote, nisije nikasahau namna nilivyotendewa.

Saa tisa alasiri nilifika kwa mama mkwe, Fundi Cheche ameketi nyuma juu ya godoro, kiti cha abiria amekipakata. Mama mkwe alikuwa kizingitini, amevaa gauni la samawati, mkoba kwapani, kofia ya mzee mkononi. Akalizunguka gari mara moja, polepole. Palipokuwa na mlango wake wa nyuma akanyoosha mkono kutafuta pa kushika. Mkono ukapita juu ya rangi. Akaurudisha.

Nilitegemea makelele. Yeye akatazama saa yake tu, kisha akauliza anaingilia wapi.

Mke wangu alinipa jicho lile. Nalijua jicho lile. Akageuka akapanda gari la mwanyumba pamoja na dada yake. Mke wangu, ndani ya Mnyama! Hilo limeniuma kuliko yote.

Tukamwingiza mama mkwe, mimi namvuta mkono mmoja, Fundi Cheche anashika mkoba. Ni mama mwenye mwili wake. Alipotua, nailoni ililia kwaruu. Nikaomba nipewe kofia niipakate. Akasema kofia haipakatwi, ina kiti chake. Basi Fundi Cheche akakiweka kiti, akakaza bolti zote nne kwa spana ya kumi na tatu, akaitia spana mfuko wa nyuma wa suruali, akatuaga, akaenda zake. Sikufikiri lolote wakati ule. Nilikuwa nafikiria namna nitakavyoingia pale shuleni.

Njiani kila kona nilisikia kwaruu upande mmoja, kisha kwaruu upande wa pili. Nikiuliza kama yuko salama, ananijibu nitazame mbele.

Sasa, geti la shule. Ndani ya geti kuna tuta. Wageni wote wamekaa chini ya hema, wanafunzi wamepanga mistari, mkuu wa shule ameshika kipaza sauti. Nikakanyaga mafuta kidogo ili ekzosi itutangaze. Magurudumu ya mbele yakapanda tuta, yakashuka. Tumbo la gari likakaa. Kruuu! Basi, hapo hapo. Si mbele, si nyuma.

Saa kumi kasoro dakika tano.

Nikaruka nje kumtoa mama mkwe. Kiti cha abiria: bolti. Kiti changu: bolti. Mlango wa buti: sahani. Milango ya nyuma: hakuna. Spana: mfukoni mwa Fundi Cheche, mitaa sita nyuma yetu. Nikasimama katikati ya lile geti mdomo wazi. Mgeni rasmi alikuwa amefungiwa ndani ya gari na mkwewe.

Mwanyumba akashuka kwenye Mnyama nyuma yetu, hana haraka. Akafungua kisanduku. Kumi na tatu ilikuwa palepale, kwenye shimo lake. Akaja nayo ameinyanyua ili watu wote waione. Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari.

"Baba, simama hapo hapo na hiyo spana. Ratiba inasema saa kumi. Sijawahi kuchelewa kipindi, na leo sichelewi. Nileteeni kipaza sauti."

Kisha kwangu: "Na wewe, zima hilo dude lako linalonguruma."

Nikazima.

Wageni wakageuza viti. Waya wa kipaza sauti ukapitishwa kwenye upenyo wa buti, mbele ya maua ya kuchonga. Tukamwona kupitia kioo cha nyuma, amekaa wima juu ya godoro, miguu ameinyoosha, miwani puani. Na akahutubia. Dakika ishirini na tano! Mwanyumba amesimama na spana muda wote kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Hiyo nayo ilinifariji kidogo.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Alisema walimu wengi husindikizwa wakistaafu, ila yeye ndiye wa kwanza kufungashwa. Halafu akasimulia habari za mzee. Alisema watu walikuwa wakimcheka mzee kwa kuendesha polepole, wakidhani ni mwoga. Kumbe alikuwa akienda taratibu ili kalamu ya mkewe isiteleze nyuma huko, alama zake zisipinde. Miaka yote ile. Hakuwahi kumweleza mtu, na yeye mwenyewe alimgundua siku aliposahau madaftari nyumbani, mzee akakimbiza gari kama watu wengine.

Chini ya hema leso zikaanza kutoka. Niliitazama ile mistari myekundu nikatamani mvua inyeshe iifute. Mke wangu alikuwa akilia, na hakunitazama.

Kisha mama mkwe akasema kwamba ndani ya gari hili amesahihisha madaftari yasiyo na idadi, na kwa kuwa bado yumo, atasahihisha kazi moja ya mwisho. Akatoa kalamu nyekundu mkobani. Tukamwona anainama, anaandika ubavuni, pale palipokuwa na mlango wake. Akaifunga kalamu. Akamruhusu mwanyumba afungue.

Alitoka kwa makofi na vigelegele, nailoni imemng'ang'ania gauni. Wanafunzi wakalinyanyua gari kutoka kwenye tuta. Mimi nikaingia ndani kusoma.

Tatu juu ya kumi. Bidii ipo. Hukusoma swali. Rudia kazi yote.

Jumapili, 15 Juni

Kikao cha familia sebuleni kwa mama mkwe. Nilipewa kigoda.

Imeamuliwa hivi. Fundi Cheche atafungua milango, atakata bomba, atarudisha kiti. Mwanyumba atasimamia. Gari likiwa tayari ni la mke wangu, jina lake, funguo zake. Si letu. Lake. Niliuliza mimi nitakuwa na nafasi gani. Mama mkwe akasema nafasi ipo. Nitakaa nyuma.

Nikamwomba mke wangu msamaha, na niliomba kwa moyo wote. Akasema amenisamehe. Akasema pia kwamba angefurahi zaidi kama ningekuwa ninasikiliza anachosema.

Nimeahidi. Kuanzia leo natenda nilichoambiwa, basi.

Ila tatu si mbaya. Mwanyumba hajawahi kupewa hata moja.

Jumamosi, 21 Juni

Gari bado liko gereji. Napita ng'ambo ya barabara, sisogei. Nimemwona mwanyumba amekaa juu ya kiti cha nyuma, chini ya dirisha, amesinzia. Usimamizi gani huo?

Mke wangu bado anatumia baiskeli. Jana ilipata pancha. Leo asubuhi, kabla hajaenda sokoni kwa miguu, akaniomba niizibe. Akasimama mlangoni, akanishika mkono, akasema taratibu: ziba pancha, basi. Akanitaka nirudie maneno yake. Nikarudia neno kwa neno. Akatabasamu. Moyo wangu ulijaa, kweli kabisa. Nimeaminiwa tena!

Pancha nimeiziba kwa dakika kumi. Kazi safi, haivuji.

Lakini nilipoinyanyua baiskeli kuirudisha ukutani nikashangaa uzito wake. Maskini mke wangu, kila siku anasukuma chuma chote hiki! Madigadi mbili, kengele, stendi, na nyuma kuna keria pana ya kubebea mizigo, nzito kuliko gurudumu.

Nimezing'oa zote. Keria nimempelekea Fundi Cheche, aliitaka ya kuwekea miguu. Usukani nimeugeuza chini, kama wa mashindano. Sasa naweza kuinyanyua kwa kidole kimoja!

Imebaki rangi. Naona kijivu, na mstari mmoja tu mwekundu. Jumatatu atakapotoka na kisanduku chake kwenda zahanati, hataamini macho yake.